Mtoto amemwambia nyanyake matumbo ni ya mbwa, sasa nyumba imepoa

Salamu kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa mvulana wa miaka mitano, na nina mimba ya miezi minne. Tunaishi Donholm, Nairobi. Mume wangu ana kazi nzuri na hana vituko, upande huo sina la kulalamikia. Shida yangu ni matumbo. Najua utacheka, hata dadangu alicheka, lakini mambo yamefika pabaya.

Nilikulia Lang'ata. Baba yangu alikuwa mhasibu, na kila Jumapili tulikuwa tukienda naye bucha kununua steki. Mwenye bucha alikuwa akituwekea mfuko kando, wa mapafu, matumbo na vipande vipande, na mfuko huo ulikuwa wa mbwa wetu Simba. Ulichemshwa nyuma ya nyumba kwa sufuria nyeusi pamoja na unga. Harufu hiyo ndiyo niliyoijua tangu utotoni. Hakuna aliyetufundisha kudharau chakula cha mtu. Ilikuwa tu hivyo: steki yetu, matumbo ya Simba.

Mume wangu alizaliwa Jericho, na mama yake anaishi huko mpaka leo. Mama mkwe aliuza matumbo soko la Burma kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa matumbo hayo akasomesha watoto wanne, mmoja wao ndiye huyu wangu. Hilo nalijua na namsifu. Kila mgeni anayefika kwetu lazima asimuliwe na mume wangu jinsi mamake alivyokuwa akiamka saa kumi usiku kwenda kichinjioni Dagoretti, na jinsi mikono yake ilivyokuwa ikinuka hata Jumapili kanisani. Anasimulia kwa fahari kabisa.

Tangu tuoane mama mkwe huja Jumamosi na hotpoti. Ndani huwa na matumbo yaliyokaangwa kwa nyanya na dhania, au maini. Mimi hujitilia mchuzi kidogo kwa chapati, nikachezesha kijiko, halafu nikasema nimeshiba. Aliliona hilo na hakusema kitu. Tuliishi hivyo miaka yote bila neno.

Mimba hii ndiyo iliyoharibu. Kliniki walinipima damu wakanikuta na 9.8. Wakanipa tembe, na muuguzi akaniambia nile maini. Jioni hiyo hiyo mume wangu akampigia mamake simu. Tangu hapo maini yanakuja Jumanne na Alhamisi yakiletwa na mtu wa boda, na Jumamosi analeta mwenyewe. Anapiga simu kuuliza kama nimemaliza. Jumamosi anaketi mbele yangu akinitazama nikitafuna. "Kula, mama. Si yako hiyo, ni ya huyo aliye ndani." Nimetapika mara si haba. Siku hizi nikisikia tu pikipiki inazimwa pale getini, moyo unanichafuka.

Jumamosi iliyopita alikuja na matumbo, akampakulia mvulana wangu. Mtoto akasukuma sahani akasema, "Nyanya, hii ni ya mbwa. Mami alisema." Shangazi, mimi sikumwambia mtoto hivyo. Nilikuwa nikiongea na dadangu kwa simu, nikasema kwetu hicho kilikuwa chakula cha mbwa, na ni kweli kilikuwa. Mtoto alikuwa hapo sakafuni akichora. Hapo nina kosa gani?

Mama mkwe hakufoka. Alifunika hotpoti, akachukua mkoba wake, akamwambia mume wangu amsindikize steji. Simu zangu hapokei. Mume wangu naye amenuna. Anarudi saa tatu usiku ameshakula nje, na najua amekula nini kwa sababu ananuka mutura, yale matumbo ya kujazwa nyama na damu yakachomwa. Nilipomuuliza tutakaa hivi mpaka lini, alinijibu neno moja tu: "Hiyo chakula ya mbwa ndiyo ilinilipia karo."

Naomba unisaidie. Nijilazimishe kula ili amani irudi? Damu yangu itapanda kweli nisipokula maini? Na je, mtu hana haki ya kuamua kinachopikwa na kuliwa nyumbani kwake?

Mama Kijana, Donholm


SHANGAZI ANAJIBU

Mama Kijana, nilicheka kidogo tu, pale kwa Simba. Mengine hayana kicheko.

Nianze na damu, kwa sababu hiyo haiwezi kungoja watu wapatane. Shirika la Afya Duniani huhesabu mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa desilita, au 10.5 katika miezi ya katikati kama yako, kuwa amepungukiwa damu. Hiyo 9.8 yako basi si ya kupuuzwa, ingawa si ya kukukosesha usingizi pia. Cha kwanza cha kuipandisha ni zile tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki ulizopewa kliniki. Zimeze kila siku kama ulivyoagizwa. Zinaweza kukufunga choo na kukifanya kiwe cheusi, usishtuke. Zikikusumbua sana mwambie muuguzi, usizifiche kwenye droo kama wafanyavyo wengi. Na usizimeze kwa chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini vizuri, na sisi hapa chai tunainywa kabla ya chakula, pamoja na chakula na baada ya chakula. Isogeze mbali kidogo, saa moja au mbili, na ukimaliza kula jimenyee chungwa.

Sasa maini. Mama mkwe wako hakukurupuka. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, ugonjwa ambao siku hizo ulikuwa unaua, walipata nafuu kwa kulishwa maini karibu robo kilo kila siku. Wao pamoja na George Whipple wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934, na ilikuwa mpaka 1948 ndipo kitu chenyewe kilichokuwa kikiwaponya kikatolewa ndani ya ini na kujulikana: vitamini B12. Ini la ng'ombe limejaa B12, lina chuma, lina foliki. Kwa hivyo muuguzi aliyekwambia ule maini alikuwa na sababu yake.

Ila ini ndipo mnyama anapoweka pia vitamini A. Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina takriban maikrogramu 5,000. Mjamzito anahitaji kama 770 kwa siku, na kiwango ambacho wataalamu hawataki akipite mara kwa mara ni 3,000, kwa kuwa vitamini A hiyo ya wanyama ikizidi mno, hasa miezi ile ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Uingereza wajawazito huambiwa waache maini kabisa. Huku kwetu kuna akina mama wanaoikosa vitamini A yenyewe, na ushauri huwa tofauti. Mimi si daktari wako. Ninachojua ni kwamba muuguzi akisema "kula maini" hana habari kwamba yanakufikia siku tatu kwa wiki. Rudi ukamwambie hivyo hivyo: mara ngapi, sahani ya ukubwa gani, tangu lini, na kama kuna vitamini nyingine unazomeza ulizojinunulia dukani. Mpaka akujibu, simamisha. Na usiingiwe na hofu kwa yale uliyokwisha kula; kwa maelezo yako mwenyewe, mengi hayakukaa.

(Kesi hii ya maini ni ya zamani, na ilianza nyumbani. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu alipata Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale, pengine mwanamke, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo ilikuwa imevimba kwa ugonjwa, na mwaka 1982 Alan Walker, Richard Leakey na mwenzao wakaandika kwamba huenda alikula maini ya wanyama walao nyama kupita kiasi. Wapo waliopinga. Mmoja alisema labda yalikuwa majana ya nyuki.)

Na matumbo? Hayo hayakuongezei damu. Chuma chake ni kidogo, kwa hivyo hakuna anayeweza kukulisha matumbo kwa kisingizio cha 9.8. Katika vya ndani, kinachopita vyote kwa chuma ni wengu, unapita hata ini mara nyingi, lakini nakuomba usimtajie mama mkwe maana kesho yake utaona hotpoti ya pili. Nyama ya kawaida unayoila inatosha sana. Ongeza ndengu, maharagwe, omena, terere (mchicha). Ukitaka kitu cha ndani kisichokutisha, jaribu moyo wa ng'ombe: ni msuli tu, hauna harufu ya ini, una chuma cha kutosha na hauna ile vitamini A ya kuogopa. Ukikataa pia sawa.

Swali lako la kwanza basi nimeshalijibu. Usijilazimishe. Mjamzito anayetapika akisikia harufu halazimishwi na mtu, na kichefuchefu hakijawahi kuondolewa kwa kuketi mbele ya mtu na kumtazama akitafuna. Hili lilipimwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa ikipeleka nyama nzuri kwa wanajeshi, serikali ikataka akina mama wa nyumbani wapike mioyo, figo na vya ndani vingine ambavyo hawakuvipenda kabisa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyekuwa amehama Ujerumani Hitler alipoingia, aliwagawa wanawake makundi. Baadhi walihutubiwa vizuri sana, juu ya vitamini, juu ya vita, na mapishi wakapewa. Wengine waliachiwa wazungumze wenyewe kwa wenyewe: harufu yake, waume watasema nini, watoto watasema nini, kisha wakaamua kwa kunyosha mikono. Walipofuatwa baadaye nyumbani, waliohutubiwa ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika kitu kipya cha namna hiyo. Waliozungumza walikuwa asilimia 32. Mama mkwe wako na mumeo wamekuhutubia tangu siku ulipopimwa, na hakuna aliyekuuliza harufu hiyo inakukumbusha nini. Ungewaambia habari ya sufuria nyeusi nyuma ya nyumba, wangeelewa mengi.

Lakini hukuwaambia wao. Ulimwambia dadako.

Unaniuliza una kosa gani. Sitakuhesabia kosa kwa kuongea na dadako kwa simu, kila mtu ana mahali pa kutolea moyo wake. Ila usidhani mtoto aliyatoa yale kwenye simu peke yake. Yule mtoto ameketi nawe mezani kila Jumamosi tangu apate akili. Amekuona ukijitilia mchuzi, amekuona ukichezesha kijiko, amekuona uso unavyokuwa hotpoti ikifunguliwa. Simu ilimpa tu jina la kitu alichokuwa anakiona siku zote. Na mama mkwe naye alikuwa akikiona. Wewe unasema mliishi hivyo bila neno. Yeye alikuwa akivumilia.

Hebu fikiria alichosikia. Wewe ulijua harufu ya matumbo yaliyochemshiwa mbwa bila kuoshwa. Yeye alijua kazi. Matumbo yakifika kutoka kichinjioni huwa yangali na majani mabichi ndani, yanatoa mvuke kwa baridi ya asubuhi. Yanapasuliwa, yanamwagwa, yanasuuzwa, halafu inakuja ile kazi ya maji ya moto ambayo si kila mtu anaiweza: maji yakiwa vuguvugu ule utando mweusi haubanduki, yakitokota unaganda na hutautoa tena. Anayejua hupima kwa kidole. Kisha ni kukwangua kwa kisu, upande ule wenye manyoya kama taulo, mpaka uwe mweupe, halafu kile kipande cha kurasa kurasa ambacho kila ukurasa unafunuliwa na kuoshwa peke yake. Maji ya baridi tena na tena. Yote haya yawe yamekwisha kabla wateja wa asubuhi hawajaanza kupita Jogoo Road. Mtu akifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, kucha haziachi ile harufu, na watu kanisani wanajua. Sasa mjukuu, ndani ya nyumba ya Donholm iliyotokana na karo hiyo, anamwambia ni ya mbwa. Neno "matumbo" hapo halimo tena. Aliambiwa kwamba watoto wake wanne aliwalea kwa chakula cha Simba.

Na kwa habari ya Simba, nikuchokoze kidogo: hata mbwa hafai kupewa hivyo vitu vikiwa vibichi. Mapafu na maini ya mbuzi au ng'ombe yakiwa na vile vifuko vya maji, mbwa akivila anapata mnyoo ambao mayai yake humrudia binadamu na kumjazia uvimbe kwenye ini. Turkana wameteseka na ugonjwa huo kuliko sehemu nyingi duniani. Ndiyo sababu wakaguzi wa nyama huyakata maini wakayatazama ndani, na yenye vifuko au minyoo hutupwa. Angalau baba yako alikuwa akiyachemsha.

Dharau ya matumbo hapa mjini ina historia yake ya mfukoni. Wengi wetu tuliyala kwa sababu yalikuwa nafuu kuliko nyama, na tulipopata mshahara tukakimbilia steki kama watu wanaokimbia polisi. Walakini ukisimama jioni pale penye mutura, mtaa wowote, utaona mafundi na makanga na watu wa tai wameegesha magari, wote wamezunguka ubao mmoja, mwenye kisu anakata, chumvi iko pembeni, supu inanywewa kwa vikombe. Hakuna anayemcheka mwenzake. Nenda Eastleigh asubuhi utawakuta watu wanakula maini na anjera kama kifungua kinywa, na hao hao mutura hawaigusi kwa sababu ina damu, na damu iliyomwagika kwa Mwislamu ni haramu. Wapo Wakristo pia wanaoikataa kwa sababu hiyo hiyo, wanakutajia Matendo ya Mitume sura ya 15. Katika nyumba za Waluhya kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke akiipakulia mtu mwingine kutakuwa na kikao. Kila mtu katika mji huu ana kiungo anachokikataa na kingine anachokigombania. Kukataa kwako basi hakuna ajabu yoyote. Ajabu ni kukataa huko kupewa jina la mbwa mbele ya aliyepika.

Sasa utafanya nini. Acha kupiga simu. Simu asiyoipokea inamwongezea hasira, na ujumbe mfupi ni mbaya zaidi. Nenda Jericho. Nenda na mumeo na mtoto, siku ya katikati ya wiki ambayo hakutarajii, beba sukari, majani ya chai, unga na matunda kama mtu anayekwenda kumwona mzazi. Mumeo asiwe msemaji. Yeye aketi anywe chai. Wewe ndiye utakayesema, na usianze na habari ya simu wala dadako, kwa sababu hiyo ni njia ya kumwambia kwamba mtoto ndiye mwenye makosa. Sema kitu kama hiki kwa maneno yako: "Mama, maneno aliyokuambia mtoto yalitoka nyumbani kwangu, na nimekuja kukuomba msamaha. Mimi matumbo siyawezi tangu utotoni, na nilikosa ujasiri wa kukuambia. Lakini najua ndiyo yaliyomlea mume wangu." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikusema, usijitetee, hata akitaja mambo ya siku ya harusi, maana atayataja.

Usimwahidi kwamba utakula. Ukiahidi utakuwa umerudi kwenye kuchezesha kijiko, na safari hii kila mtu atakuwa anakutazama sahani.

Kisha mwambie ya kliniki, kwa upole, kama habari na si kama hukumu: kwamba maini ya mara kwa mara yana vitamini nyingi mno kwa mimba, umeambiwa uyapunguze au uyaache, kulingana na watakavyokujibu. Hapo utamwona amekunja uso, kwa sababu alidhani anakuokoa. Usimwachie mikono mitupu. Mwombe akupikie kitu kingine. Mama aliyelisha watoto wanne Jericho anajua ndengu, anajua omena isiyo na mchanga, anajua terere inayokatwa nyembamba. Hotpoti itakuja tena Jumamosi na utakula mpaka uombe nyingine, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo.

Mtoto wako usimlazimishe aombe msamaha wa kukariri. Ana miaka mitano. Mweleze tu nyumbani, kabla hamjatoka, kwamba nyanya alipika chakula hicho kumlisha baba alipokuwa mdogo kama yeye, na kwamba mtu akiwa hapendi kitu husema "asante nyanya, nimeshiba" akaishia hapo. Na akitaka kuonja huko Jericho, mwache aonje. Usiingie jikoni kumchungulia usoni. Anaweza kuyapenda, na utalazimika kuishi na hilo.

Haki ya nyumba yako unayo. Mama mkwe halazimishi menyu ya Donholm, na kama harufu inakutapisha wakati huu wa mimba, ni halali kabisa kusema matumbo yasipikwe wala yasipashwe ndani mpaka ujifungue. Mwambie mumeo hivyo, umpe na tarehe, ili asidhani umeyapiga marufuku maisha. Kichefuchefu kikizidi, ukawa huweki hata maji tumboni, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo na si ya safu hii.

Mumeo naye ana lake. Mtu anayewasimulia wageni kwa fahari jinsi mamake alivyoosha matumbo, kisha anakwenda kuyala gizani na kurudi saa tatu amenuna, anamwadhibu mke mjamzito kwa kitu ambacho angekimaliza kwa kuketi chini nusu saa. Yeye ndiye aliyempigia mamake simu kuagiza maini bila kukuuliza. Yeye ndiye aliyejua, miaka yote, kwamba mkewe hali na mamake anaumia, akawaacha muendelee kutabasamu. Msomee aya hii ukitaka. Halafu baada ya mtoto kuzaliwa, siku akitamani matumbo, jiko liko, sufuria iko, na alilelewa na mwalimu wa kuyaosha. Wewe chukua watoto uende Lang'ata, na ukirudi ukute madirisha yamefunguliwa na vyombo vimeoshwa.